Uchambuzi wa kisa: miaka 12 na shangingi moja mkoani Kigoma

Kisa kilivyonifikia

Mmiliki wa shangingi hilo, yaani gari kubwa la kifahari, alikuja na swali moja tu: aliuze au abaki nalo? Kwapani alikuwa na kauntabuku yenye kila risiti ya gari lake tangu lilipotoka bandarini. Kazi yangu ni kukagua magari kwa watu wanaotaka kununua au kuuza, na wamiliki wengi ninaokutana nao hawakumbuki hata oili walibadilisha lini. Daftari lile niliomba nikalisome nyumbani.

Ameniruhusu kuandika kisa hiki ili kiwafae wengine. Nimeondoa majina, namba ya gari, biashara yake na gereji zote zilizohusika, na kilometa nimezizungusha.

Nimekiandika kwa sababu huku kwetu habari ya mashangingi huishia kwenye mafuta. Mtu akishasema "linakula mafuta" anaona amemaliza. Mafuta kweli yameandikwa humo kuliko kitu kingine chochote, lakini hayakuwahi kulilaza gari hata siku moja. Lililazwa na vitu vya bei ndogo vilivyoahirishwa, na chupa moja ya mafuta yasiyo yake.

Mmiliki na gari

Ni mfanyabiashara wa makamo, anaishi Kigoma mjini. Shughuli zake humpeleka Kasulu, Kibondo na Uvinza, na mara chache Tabora au Dar es Salaam. Alitaka gari la kumfikisha Kibondo na kumrudisha bila kiuno kulalamika, libebe wageni kwa heshima, na, anasema bila kuficha, limtambulishe kabla hajafungua mdomo. Sababu hiyo ya mwisho siidharau. Heshima ni sehemu ya biashara, na mtu mzima ana haki ya kuilipia. Ubaya ni kuilipia kwa shilingi ya mwisho, na ndivyo alivyofanya.

Alinunua Land Cruiser Cygnus ya mwaka 2003 kutoka Japani, wakati huo ikiwa na miaka kumi. Ni gari la mfululizo wa 100: injini ya petroli V8 ya cc 4,664, giaboksi otomatiki ya gia tano, na mfumo wa AHC unaoinua na kushusha gari kwa mafuta yenye shinikizo. Dashibodi ilisoma km 110,000.

Bei ya Japani ilimvutia. Hakuhesabu vizuri kilichofuata: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini inazidi cc 2,000, ada ya uchakavu kwa sababu ya umri, kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. TRA, mamlaka ya mapato, hukokotoa kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, kwa hiyo kununua kwa bei ya kutupa hakupunguzi kodi kama watu wanavyotegemea. Kodi ikazidi bei ya gari lenyewe. Aliingia Kigoma na shangingi linalong'aa na mfuko mtupu.

Mambo yalivyofuatana

*Miaka miwili ya kwanza.* Alibadilisha oili na matairi, basi. Mkanda wa taimingi wa injini hii, ule wa mpira unaofungua valvu kwa wakati wake, hupangiwa kubadilishwa kwenye km 100,000 kwa magari ya soko la Japani, na aliyebadilisha kwa kawaida hubandika stika karibu na injini. Stika haikuwepo. Fundi alimwambia, mmiliki akajibu kwamba gari linavuta vizuri.

*Mwaka wa tatu.* Gari lilianza kurusha abiria kwenye matuta. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kisa kilipogeukia.

AHC ina shokapu nne zilizojaa mafuta, na kila moja imeunganishwa na tufe la chuma lenye gesi ya naitrojeni nyuma ya kiwambo cha mpira. Gesi ndiyo inayolainisha safari. Uzito wa gari hubebwa kwa kushirikiana: mbele kuna toshenibaa, vyuma virefu vinavyojinyonga kufanya kazi ya springi, nyuma kuna springi zenyewe, na mafuta yenye shinikizo husaidia pande zote mbili. Springi zikichoka kwa umri, mafuta hubebeshwa zaidi, shinikizo hupanda, na matufe huzidi kuumia. Kwa hiyo gari la miaka kumi na zaidi linapoanza kuwa gumu, dawa ya kwanza huwa ndogo: unakaza boliti za toshenibaa mbele, unaweka vipande vya kunyanyulia springi nyuma, unamwaga mafuta ya zamani na kutia mapya ya aina yake.

Kupima nako ni rahisi. Kwenye tanki dogo la mafuta ya AHC kuna mistari. Unasoma kiwango gari likiwa chini kabisa, unalinyanyua juu kabisa, unasoma tena. Matufe mapya hutoa tofauti ya mistari kama 14. Ikibaki saba au pungufu, gesi imekwisha.

Fundi wa kwanza hakupima. Alifungua tanki, akakuta mafuta yamepungua, akajazia mafuta ya breki. Mafuta ya AHC asili yake ni madini, na mipira ya mfumo huo imetengenezwa kwa ajili yake. Mafuta ya breki ni kemikali ya aina nyingine na huivimbisha na kuilegeza mipira hiyo. Miezi michache baadaye gari likawa linalala kila usiku: asubuhi pua iko chini, kwenye sakafu kuna madoa.

Mmiliki hakuwa na fedha, akaendelea kulitumia hivyo kwa zaidi ya mwaka. Barabara ya Kasulu wakati huo ilikuwa bado vumbi na makorongo. Bushi zikaisha, boljointi zikalegea, matairi ya mbele yakaliwa upande wa ndani. Daftari la mwaka huo lina risiti nyingi ndogondogo, na zote zimezaliwa na kosa moja.

*Mwaka wa tano.* Mpwa wake alikuwa anarudi kutoka Tabora. Kati ya Malagarasi na Uvinza, kipande kilichobaki cha vumbi muda mrefu baada ya vingine kupata lami, aliona mshale wa joto unapanda na mvuke unatoka nyuma ya boneti. Akazima injini palepale, akapiga simu.

"Mjomba, maji yamekwisha. Nimezima."

"Tia maji, uje polepole. Giza linaingia."

"Hapana, mjomba. Nikiliwasha hivi tunazika injini. Naomba nilale hapa."

Mmiliki anakumbuka kwamba alinyamaza, kisha akasema, "Wewe ndiye uliye na gari. Fanya unavyoona."

Kilichovunjika ni kiungio cha plastiki chenye umbo la herufi T, kwenye bomba la maji ya hita, nyuma ya injini. Viko viwili, na kwenye magari haya joto huvikausha kwa miaka hadi vinavunjika kwa kuguswa na kidole. Ni kitu cha kutia mfukoni. Asubuhi kijana alipata kipande cha bomba la chuma na klipu mbili kwa wanakijiji, akaunganisha hosi moja kwa moja bila kupitia hita, akasubiri injini ipoe kabisa, akajaza maji na kurudi Kigoma bila kuzidi spidi 60. Gasketi ya silinda ilikuwa salama.

*Mwaka wa sita.* Tukio la Uvinza lilimtisha. Alipeleka gari Tabora kwa fundi wa pili, aliyewahi kufanya kazi na magari ya namna hii, akamwambia aangalie kila kitu. Maamuzi mawili makubwa yalifanyika hapo.

Wa kwanza ulikuwa kung'oa AHC. Fundi alipima, mistari ikatoka minne. Matufe yote yamekwisha, pampu inalia, shokapu tatu zinavuja. Kurudisha mfumo kungetaka karibu kila kitu kipya. Mmiliki alikuwa ameshajaribu njia ya mkato katika gereji nyingine: waliweka shokapu za kawaida wakaacha toshenibaa na springi za zamani, jaribio likashindikana na shokapu za AHC zikarudishwa. Pua ikabaki chini, kwa sababu toshenibaa za gari la AHC ni nyepesi. Zimetengenezwa zikijua kuna mafuta ya kuzisaidia. Fundi wa Tabora aliweka toshenibaa na springi za gari la mfululizo huohuo lisilo na AHC pamoja na shokapu zake, akaziba mabomba, akatoa pampu. Gari likasimama sawa.

Uamuzi wa pili ulikuwa mkanda wa taimingi, kwenye km 195,000. Pampu ya maji ya injini hii huzungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo ukishafungua mbele yote, kuiacha ya zamani ni kujipangia kufungua tena. Walibadilisha mkanda, pampu, tenshena na roli zake, termostati, na hosi zote za maji pamoja na zile T mbili.

*Mwaka wa nane.* Starta. Kwenye injini hii starta imelala katikati ya V, yaani kati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi ya hewa. Kuifikia ni kazi ya siku nzima, na mmiliki alidhani anaibiwa hadi alipoitwa aone kwa macho yake. Ilitengenezwa, gasketi zikawekwa mpya, likaondoka.

*Mwaka wa kumi na kuendelea.* King'ora kilianza kulia ndani ya gari, taa ya breki na ya ABS zikawaka. Breki za gari hili husaidiwa na pampu ya umeme inayojaza shinikizo kwenye akiba yake. Mota ya pampu ikichoka, akiba haijai, na pedali huwa ngumu ghafla. Gari lina zaidi ya tani mbili na nusu likiwa na watu. Aliliendesha hivyo wiki kadhaa, likiwemo kwenye msafara wa harusi Ujiji, kwa sababu king'ora kilikuwa kinanyamaza chenyewe baada ya dakika chache.

Baadaye alinunua pampu ya mtumba kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Ilifanya kazi kwa msimu mmoja ikafa. Hapo gari likaegeshwa chini ya mwembe, na hapo ndipo daftari lilipofika kwangu.

Uamuzi: kuuza au kubaki

Nilimwambia tuandike bei atakayopata kweli, siyo ile anayoiota. Wanunuzi wa Kigoma wa gari la ukubwa huu wanataka dizeli. Waliofika walitaja bei ya gari bovu, kwa sababu breki zilikuwa bovu. Ili auze kwa bei nzuri ilimlazimu kwanza atengeneze. Na akishatengeneza, sababu kuu ya kuuza inaondoka.

Kisha tukaangalia matumizi. Miaka ya mwanzo alitembea kama km 15,000 kwa mwaka, gari likimpa km 5 kwa lita. Hizo ni lita 3,000. Kwa bei elekezi za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, petroli ya Kigoma mara nyingi imekuwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa shilingi mia mbili na ushee kwa lita, kwa hiyo kukaa kwake Kigoma peke yake kulimgharimu zaidi ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza shilingi 40 za ushuru kwenye kila lita ya mafuta. Wengi walishangilia. Mwenye gari dogo la km 15 kwa lita, kwa safari zilezile, analipa shilingi 40,000 kwa njia hiyo. Mwenye shangingi alikuwa analipa 120,000 bila kujua.

Nilipopekua zaidi nikakuta kwamba sehemu kubwa ya kilometa hizo ni za mjini: Mwanga, Gungu, Kibirizi, benki, msikitini, nyumbani. Injini ya V8 ilikuwa inapashwa moto na kuzimwa mara nyingi kwa siku kwa safari ambazo bajaji ingetosha.

Aliamua hivi. Atanunua gari dogo la mjini. Shangingi litabaki la safari ndefu na shughuli, kama km 6,000 kwa mwaka. Pampu ya breki itanunuliwa mpya. Na kila mwezi ataweka fedha ya matengenezo kwenye akaunti ya pembeni, gari liharibike lisiharibike. Bima kubwa alikuwa ameshaiacha miaka mingi nyuma na kubaki na ndogo; kwa thamani ya sasa ya gari sikuona sababu ya kumrudisha.

Matokeo

Pampu mpya imefungwa. Nilijaribu mwenyewe: ukiwa umezima, unakanyaga pedali mara nyingi hadi akiba iishe, unafungua swichi na kusikiliza mota. Inanyamaza ndani ya dakika moja, inavyotakiwa. Gari liko karibu km 262,000, halivuji, halimezi oili. Gari dogo limepunguza bili ya petroli ya nyumba nzima kiasi kwamba baada ya mwaka fedha hiyo ndiyo inayolisha akaunti ya shangingi.

Kilichopotea hakitarudi. Ule ulaini wa AHC, uliomfanya achague Cygnus badala ya gari la kawaida, haupo tena. Mkewe husema gari limekuwa kama la mradi. Ana haki.

Uchambuzi

Kosa la kwanza ni mafuta ya breki, na lawama simwekei fundi peke yake. Hakuna aliyempa kitabu cha gari, na Kigoma hakuna duka lililokuwa na mafuta ya AHC. Lakini mmiliki wa gari la namna hii lazima ajue aina ya kila kimiminika kilichomo, kwa sababu ndiye pekee anayekuwepo katika kila gereji. Chupa nne za mafuta sahihi kutoka Dar es Salaam na nusu siku ya kurekebisha toshenibaa, mwaka wa tatu, huenda zingeuokoa mfumo wote. Kuung'oa mwaka wa sita kulikuwa sahihi. Kuufikisha huko hakukuwa lazima.

La pili ni mkanda. Ulitembea hadi km 195,000 bila mtu kujua umri wake, na haukukatika. Ninalitaja kwa nguvu kwa sababu mmiliki mwenyewe hulisimulia kama ushahidi kwamba gari ni imara. Ungekatika njia ya Kibondo usiku, tungekuwa tunaandika mengine.

La tatu, na kwangu ndilo baya kuliko yote, ni zile wiki za king'ora. Makosa mengine yalikula fedha. Hili lingeweza kuua watu wa msafara ule. Pampu ya mtumba nayo iko katika kundi hilohilo. Mlango, taa, kiti, hata giaboksi, nunua mtumba ukipenda. Sehemu ya breki ambayo hujui imefanya kazi miaka mingapi, hapana.

Kuna mambo aliyoyafanya vizuri, na yanastahili kuigwa. Kwanza, alimwachia uamuzi mtu aliyekuwa na gari. Wajomba wengi wangeamuru, vijana wengi wangetii, na injini ingekufa kwa kiungio cha bei ya soda chache. Pili, alifanya kazi za maji na mkanda kwa pamoja; tangu hapo hajapata tatizo la joto hata mara moja. Tatu ni lile daftari. Bila hilo nisingeweza kumwonyesha kwamba kilometa zake nyingi ni za mjini, na asingeamini kwa maneno.

Watu wataniuliza kuhusu dizeli. Ni kweli, injini ya dizeli ya lita 4.2 ya mfululizo huu ingempunguzia mafuta sana. Isingempunguzia vumbi, plastiki iliyokauka, wala AHC iliyotiwa mafuta ya breki. Aliyepanga kununua dizeli kwa imani kwamba shida zote zimo kwenye petroli atakutana na ukurasa wa mwaka wa tatu kama alivyokutana nao huyu.

Umbali nao una hesabu yake. Spea ikitoka Gerezani, eneo la maduka ya spea Dar es Salaam, kuja Kigoma kwa basi, nauli yake ni ndogo. Gharama iko kwenye spea isiyo yenyewe: kuirudisha, kusubiri, gari limefunguliwa, fundi amehamia kazi nyingine. Siku hizi mmiliki hutuma namba ya chasisi na picha ya kifaa cha zamani kabla ya kulipa. Ameweka kabatini hosi, klipu, T za akiba, mkanda wa feni na mafuta ya kila aina ambayo gari linatumia, kila chupa imeandikwa kwa kalamu ya rangi inakoingia.

Yaliyobaki wazi

Tumekubaliana mambo yatakayomfanya auze bila mjadala: giaboksi ikifa, chasisi ikionekana kuoza, au matengenezo ya mwaka mmoja yakizidi nusu ya bei ya gari sokoni. Ameyaandika kwenye jalada la ndani la kauntabuku na kuweka sahihi.

Hatujakubaliana kuhusu mkanda wa pili. Yeye anahesabu kilometa: uliwekwa kwenye 195,000, basi zamu yake ni 295,000, na kwa mwendo wa sasa bado miaka mitano. Mimi nahesabu umri: mpira huo una miaka sita sasa katika joto la Kigoma, na haujali gari limeegeshwa au linatembea. Amekubali tuufungue kifuniko mwezi wa nane, kabla ya mvua, tuutazame pamoja na fundi wa Tabora.